Rimu za Gari la Zamani: Pima Bekispesi Kabla Hujatoa Pesa

Swali linakuja kila mara kwa sura ileile: "Nimepata rimu za inchi 14, matundu manne, bei nzuri. Zitaingia kwenye Corolla yangu ya zamani?" Kesho yake anauliza mwenye Datsun 1200, keshokutwa mwenye Land Rover 109 aliyoachiwa na baba yake kule Newala. Wote wanataja inchi na idadi ya matundu. Karibu wote wanasahau kipimo kinachoamua kama tairi litakaa mahali pake, yaani bekispesi.

Mwongozo huu ni wako wewe unayetunza gari la zamani Mtwara, Lindi, Masasi au popote huku Kusini, na unataka kubadili rimu bila kuliumiza. Huku kwetu kosa hili lina gharama ya ziada. Rimu nyingi nzuri zinatoka Dar, Gerezani au Ilala, na umeziona kwenye picha ya simu tu. Zinapakiwa kwenye basi, zinasafiri mamia ya kilomita, ndipo unagundua hazifai. Kuzirudisha ni nauli nyingine, na muuzaji naye anaweza kukugeuka. Mvua kubwa zikiharibu njia, kama Mei 2024 Kimbunga Hidaya kilipokata barabara maeneo ya Somanga, mzigo unakaa tu. Saa moja ya kupima nyumbani inakuepusha na yote hayo.

Vitu vya kuandaa

- Jeki na stendi mbili imara. Usiingize mkono wala kichwa chini ya gari lililoshikiliwa na jeki peke yake.
- Kipande cha ubao mpana cha kuweka chini ya jeki. Mchanga wetu unameza jeki.
- Mawe au vigogo vya kuzuia tairi zilizobaki chini.
- Spana ya magurudumu. Ukipata ya kupimia nguvu ya kukaza, bora zaidi.
- Rula ya chuma au futi kamba yenye milimita zinazosomeka.
- Ubao ulionyooka, au pima maji ya fundi mwashi, yenye urefu wa kuvuka rimu nzima na kubakiza.
- Udongo laini wa mfinyanzi, donge la ukubwa wa ngumi. Kazi yake utaiona hatua ya nane.
- Brashi ya waya, karatasi na kalamu. Usitegemee kichwa kwa namba hizi.

Maneno matatu tu

Bekispesi ni umbali kutoka ukingo wa nyuma wa rimu, ule unaotazama uvungu, hadi kwenye uso unaokaa juu ya habu, yaani kitovu cha gari ambacho gurudumu hufungwa juu yake. Ikiwa kubwa, gurudumu linaingia ndani kuelekea shokapu. Ikiwa ndogo, linatoka nje kuelekea madigadi.

Ofuseti ni habari hiyohiyo iliyopimwa kutoka katikati ya upana wa rimu. Kwenye rimu nyingi za aloi imeandikwa nyuma ya mkono mmojawapo kwa herufi ET na namba, mfano ET 35. Rimu za chuma za zamani mara nyingi hazina, ndiyo maana tunapima.

PCD ni kipenyo cha duara linalopita katikati ya matundu ya nati.

Hatua ya 1: Jua PCD ya gari lako

Matundu manne au sita: pima kutoka katikati ya tundu moja hadi katikati ya lile linalolitazama upande wa pili. Matundu matano hayatazamani, kwa hiyo pima kati ya matundu mawili yaliyo jirani, katikati kwa katikati, kisha gawanya kwa 0.588. Ukipata milimita 97 kati ya jirani na jirani, PCD ni 165.

Haya ni baadhi ya magari tunayokutana nayo:

- Corolla KE70 na Datsun 1200: matundu 4, milimita 114.3.
- Peugeot 504: matundu 4, milimita 140.
- Mercedes W123: matundu 5, milimita 112.
- Land Rover 88 na 109: matundu 5, milimita 165.1.
- Land Cruiser za mfululizo wa 40: matundu 6, milimita 139.7.
- Volkswagen kobe: za kabla ya 1968 nyingi zina matundu 5 kwa milimita 205, za baadaye 4 kwa 130.

Tahadhari ya kwanza na kubwa: Corolla za baadaye zinazovuta mbele zina matundu 4 pia, lakini kwa milimita 100. Kwa macho zinafanana na za KE70. Yupo fundi atakayekwambia tundu "litapanuliwa kidogo". Kataa. Nati itakaa upande, stadi (bolti ya habu inayoshika nati) itakatika, na itakatika ukiwa kwenye mwendo.

Hatua ya 2: Pima tundu la katikati

Habu lazima ipite kwenye tundu la katikati la rimu. Rimu za Pajero zina matundu 6 kwa 139.7 sawa na Land Cruiser za mfululizo wa 40 na Hilux ya 4x4, lakini tundu lake la katikati ni milimita 67 hivi, na habu ya Hilux hiyo inahitaji 106. Hazivai kabisa. Tundu likiwa kubwa kuliko habu, tafuta pete za kujazia ili rimu ikae katikati barabara.

Hatua ya 3: Pima rimu iliyopo sasa

Hapa usiwe na haraka. Rimu inayotembea kwenye gari bila kugusa kitu ndiyo kipimo chako cha kuanzia, na namba zote zitakazofuata zinatoka kwake.

Vua gurudumu la mbele. Ukiweza litoe tairi, kwa sababu tairi linapotokeza nje ya ukingo wa chuma linadanganya kipimo. Laza rimu uso wake ukitazama chini, mgongo ukitazama juu. Weka ubao ulionyooka juu yake, uvuke kutoka ukingo hadi ukingo kupita katikati. Sasa shusha rula wima kutoka chini ya ubao hadi kwenye uso unaokaa kwenye habu, pale palipozunguka matundu ya nati. Si kwenye mbonyeo wa katikati, wala kwenye kutu iliyojaa. Kwangua kwanza kwa brashi ya waya, maana hewa ya chumvi ya Mikindani na pwani ya Lindi inajenga tabaka ambalo linaweza kukuibia milimita mbili. Soma, andika, zungusha ubao robo mzunguko, soma tena. Namba mbili zikitofautiana, rimu imepinda au ubao wako haujanyooka.

Tuseme umepata milimita 95. Hiyo ndiyo bekispesi yako.

Kisha tafuta upana. Maandishi kama 5J x 13 yana maana ya inchi 5 ndani, pale tairi linapokalia. Ukipima nje kwa nje, kingo mbili zinaongeza kama inchi moja, kwa hiyo upana kamili ni inchi 6, yaani milimita 152. Nusu yake ni 76. Toa: 95 – 76 = 19. Ofuseti ya rimu yako ni +19.

Wengi wanakosea hapo kwenye inchi moja ya kingo. Wanagawanya 5 kwa 2 moja kwa moja, na hesabu yote inakwenda kombo kwa milimita 13 hivi. Nafasi iliyopo kwenye gari dogo la zamani haivumilii kosa hilo.

Hatua ya 4: Pima nafasi iliyopo kwenye gari

Rudisha gurudumu, kaza, shusha gari likae kwa uzito wake kwenye sakafu iliyo sawa. Ingiza vidole au vipande vya ubao mwembamba na upime:

- kati ya tairi na shokapu au springi, mahali palipo karibu kuliko pote;
- kati ya tairi na tairodi (fito inayosukuma gurudumu unapokata usukani), usukani ukiwa katikati, halafu ukikatwa mpaka mwisho kulia na kushoto;
- kati ya tairi na mdomo wa madigadi;
- kwa magurudumu ya nyuma, kati ya tairi na springi za majani, ngoma ya breki na ukuta wa bodi.

Pima pembe zote nne. Gari la miaka arobaini limewahi kugongwa, kunyooshwa na kuchomelewa, na upande wa kulia hauwi sawa na wa kushoto. Chukua ile nafasi ndogo kuliko zote kama ndiyo ukweli wa gari lako.

Ndani, baada ya kubadili, nataka zibaki angalau milimita 12. Nje nataka 20, kwa sababu bodi inashuka gari likipakiwa. Na kama gari lako linabeba korosho msimu ukifika, lipime likiwa na mzigo. Usipime likiwa tupu halafu ukashangaa Desemba.

Hatua ya 5: Chagua tairi kwanza, rimu baadaye

Najua raha iko kwenye rimu. Lakini kinachogusa ni tairi. Linganisha kipenyo chake na cha zamani ili kisipishane zaidi ya asilimia 3, vinginevyo spidomita inadanganya na tairi linapiga juu.

Hesabu ni hii: upana wa tairi mara asilimia ya urefu wake, mara mbili, ongeza inchi za rimu mara 25.4. Kwenye 155/80R13, upana ni 155, asilimia ni 80, inchi za rimu ni 13. Tairi la 155/80R13 lina kipenyo cha milimita 578. Tairi la 185/60R14 nalo lina 578. Ndiyo maana badiliko hilo linazikaa vizuri saluni ndogo za zamani.

Ila fikiria unakopita. Ukuta wa lile la 13 ni milimita 124, wa lile la 14 ni 111. Kama safari zako ni lami ya Mtwara, Mingoyo na Lindi, sawa. Kama kila wiki uko kwenye vumbi na mashimo ya vijiji vya Tandahimba, ushauri wangu ni ubaki na inchi 13 za chuma na tairi lenye ukuta mrefu. Rimu ya chuma ikipinda fundi anaigonga ikarudi. Ya aloi inapasuka.

Hatua ya 6: Fanya hesabu ya rimu mpya

Tuendelee na mfano wetu. Rimu ya sasa ofuseti +19, tairi upana 155. Nafasi ya ndani uliyopima ni 28, ya nje 35. Unataka tairi la 185 kwenye rimu ya 14 x 5½.

Tairi limeongezeka milimita 30, yaani 15 kila upande, kama katikati yake haijasogea.

Rimu ya kwanza ina ofuseti +19. Upana kamili ni inchi 6½, milimita 165, nusu yake 82.5. Ongeza 19, bekispesi ni 101.5. Ndani zinabaki 28 – 15 = 13. Nje zinabaki 35 – 15 = 20. Inakaa.

Rimu ya pili, inayong'aa zaidi na yenye bei ndogo, imeandikwa ET 45 kwa sababu imetoka kwenye gari la kisasa linalovuta mbele. Bekispesi yake ni 82.5 + 45, yaani 127.5. Katikati ya tairi imesogea ndani kwa 26 (45 toa 19), ongeza zile 15, jumla 41. Nafasi yako ni 28. Tairi litakuwa limeingia ndani ya shokapu kwa milimita 13 kabla gari halijatembea hata hatua.

Rimu hizo mbili zina inchi sawa, matundu sawa, PCD sawa. Kwenye picha huwezi kuzitofautisha.

Kosa la upande wa pili ni kutafuta rimu zenye bekispesi ndogo sana ili tairi zitokeze nje kwa mbwembwe. Uzito unahamia nje ya beringi, usukani unakuwa mzito na kuvuta kila shimo, beringi za mbele zinakufa mapema, na tairi linakata mdomo wa madigadi ukipakia abiria wanne. Kwa gari la barabarani, baki ndani ya milimita 10 za ofuseti ya kiwandani. Zaidi ya hapo uwe na sababu, na iwe sababu ya kazi.

Hatua ya 7: Mwulize muuzaji maswali sahihi

Usiulize "zinaingia Datsun?" Atasema ndiyo. Mwandikie hivi: "Kaka, naomba picha ya mgongo wa rimu ikiwa na ubao juu na rula imesimama, namba isomeke. Na picha ya maandishi ya ET na upana." Muuzaji makini atakutumia. Anayekwambia "we lete hela, zitakaa tu" mwache na rimu zake.

Omba pia picha ya matundu ya nati kwa karibu. Yakiwa na umbo la faneli yanataka nati zenye ncha ya pia. Yakiwa yamenyooka yenye kalio bapa, kama rimu nyingi za aloi za Toyota, yanataka nati zenye shingo na washa. Ukichanganya, nati inashika eneo dogo na inalegea yenyewe. Na nyuzi nazo, yaani unene wa stadi kwa nafasi kati ya uzi na uzi, kwa milimita: Toyota ni 12 kwa 1.5, Datsun na Nissan ni 12 kwa 1.25. Nati ya Toyota kwenye stadi ya Datsun itaingia mizunguko michache kwa nguvu, na itakuwa imeua stadi.

Hatua ya 8: Jaribu moja kabla ya kufunga zote

Rimu zikifika, funga tairi kwenye moja tu. Safisha uso wa habu kwa brashi ya waya mpaka chuma kionekane, kwa sababu ganda la kutu linalifanya gurudumu likae mshazari. Vaa gurudumu, anza nati zote kwa vidole. Kwa stadi za milimita 12, nati ishike angalau mizunguko 8 kwa nyuzi za 1.5, au 10 kwa nyuzi za 1.25. Isiposhika hivyo, stadi ni fupi kwa rimu hiyo.

Sasa ule udongo. Uloweshe kidogo uwe laini, bandika donge dogo kwenye shokapu mahali palipo karibu na tairi, jingine ndani ya mdomo wa madigadi, jingine karibu na tairodi. Shusha gari. Zungusha usukani mwisho hadi mwisho. Waombe watu wawili wakalie pembe hiyo na kuitikisa. Kisha liendeshe taratibu uani, ukipandisha gurudumu hilo juu ya kipande cha mbao. Rudi uangalie. Donge likiwa limebonyea, alama ya tairi imechorwa humo na unene uliobaki unaupima kwa rula. Kipimo hiki kinakuonyesha gari likiwa kazini, kitu ambacho hesabu ya karatasi haikionyeshi.

Lijaribu gurudumu hilohilo mbele na nyuma, kulia na kushoto. Likipita kote, funga matatu yaliyobaki.

Hatua ya 9: Kaza kwa mpangilio

Kaza kwa kuruka, nati inayotazamana na nyingine, si kwa kuzunguka. Stadi za milimita 12 kwa kawaida zinataka niutoni mita 100 hadi 110. Land Rover ina stadi nene, fuata kitabu chake. Usipake grisi kwenye kalio la nati. Tembea kilomita 50, halafu kaza tena. Watu wengi wanairuka hatua hii, na nati zinalegea barabarani.

Neno kwa wenye Land Rover na Land Cruiser

Rimu za Range Rover za zamani na Discovery ya kwanza zina PCD moja na 109, na zinavaa. Lakini bekispesi yake ni kubwa zaidi: ukikata usukani mpaka mwisho tairi linasogelea springi. Rekebisha vizuizi vya usukani, na ukubali kuwa utahitaji nafasi kubwa zaidi ya kugeuzia. Rimu za 88 na za 109 nazo hazifanani ofuseti, usichanganye ekseli moja.

Kwenye Land Cruiser ya mfululizo wa 40, rimu za Hilux za miaka ya karibuni zinavaa kwenye stadi lakini zinaingia ndani sana. Pima.

Kuhusu spesa

Spesa ni bamba linalowekwa kati ya habu na rimu ili kulitoa gurudumu nje. Ukilazimika, tumia za bamba nene zilizochongwa kwa habu yako, zenye stadi zake. Zile bapa za kuteleza juu ya stadi zinakula nyuzi za nati. Wala spesa haifai kwa rimu yenye PCD isiyo yako.

Matatizo na tiba yake

Tairi linagusa ukikata usukani mwisho tu: angalia kama linagusa tairodi au shokapu. Ikiwa ni kidogo, ongeza kizuizi cha usukani. Ikiwa ni shokapu hata usukani ukiwa katikati, bekispesi ni kubwa, rimu hiyo si yako.

Linagusa juu ukipita tuta au ukipakia: kabla hujalaumu rimu, tazama springi. Springi za gari la zamani zimelala. Kuzifufua kunaweza kumaliza tatizo bila kukunja madigadi.

Usukani unatetemeka kuanzia kilomita 80 kwa saa: anza na usafi wa uso wa habu na pete za katikati, kisha balansi. Fundi wa balansi akisema rimu imepinda, mwambie akuonyeshe ikizunguka kwenye mashine.

Gari linavuta upande mmoja: pima bekispesi ya kulia na kushoto. Rimu za mtumba huuzwa nne zinazofanana sura lakini mbili ni za nyuma za gari jingine. Zikiwa sawa, peleka alaimenti.

Mlio wa kuunguruma unaobadilika ukikata kona: beringi. Kama umepunguza bekispesi hivi karibuni, chanzo unacho.

Nati zinalegea tena na tena: umbo la kalio halilingani na nati, au rangi nene iko chini ya nati. Ondoa rangi hiyo mpaka chuma.

Upepo unapungua polepole bila msumari: huku pwani ni kutu au unga mweupe wa aloi pale tairi linapokalia. Toa tairi, piga msasa mpaka pawe laini, paka rangi nyembamba, iache ikauke kabisa, kisha funga tena ukiwa na valvu mpya.